Mfupa wa Chuma na Haki ya Kondoo

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema zamthubutukia Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akaiunga mifupa yake, kila kiungo mahali pake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa rehema kwa viumbe wote, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, imetufikia barua kutoka Kimana. Kwa wasioujua mji huo, Kimana umo katika Kajiado, katika njia itokayo Emali kwenda Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya. Ni nchi ya Wamasai na mifugo yao, ina chemchemi na mashamba ya nyanya na vitunguu, na tembo wa Amboseli hupita karibu. Aliyetuandikia ni kijana wa asili ya pwani, mwenye duka huko na biashara ya mbuzi na kondoo.

Asema kwamba mama yao mzazi, mtu mzima sana, aliteleza penye pipa la maji akaanguka, na fupa la paja likavunjika shingoni mwake, pale linapoingia katika nyonga. Walimpeleka Nairobi, na daktari akasema kuwa mfupa huo hautaungika tena, dawa yake ni kuutoa na kutia nyonga ya chuma. Watoto wakarudi naye nyumbani kutafuta fedha, wakauza mbuzi, wakauza na ng'ombe wawili, na fedha zikatimia. Ndipo ndugu yao mdogo alipozuia. Asema amesoma kwamba vyuma hivyo, kabla ya kutiwa watu, hujaribiwa kwa kupasua wanyama walio hai, kondoo na mbuzi, sungura, mbwa na hata nguruwe. Akatoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba hiyo ni dhuluma, na Mwislamu hapati shifaa kwa dhuluma. Ya pili, kwamba chuma kilichojaribiwa ndani ya mbwa na nguruwe ni najisi, na mama akitiwa sala zake zote zitabatilika. Basi nyumba imegawanyika, na mama yu kitandani wiki ya nne hageuki ila kwa kugeuzwa. Mwandishi auliza: "Sheikh wetu, tumpeleke, au tumwache na Mola wake?"

Jawabu tuliiandika kwa mkono siku ile ile tukaituma, kwa kuwa jambo la mgonjwa halingoji. Hapa twaipiga chapa kwa sababu maneno kama yale tumeyasikia katika baraza zetu wenyewe, na mwenye kuyasema leo juu ya mama wa mwenzake huenda kesho akaulizwa juu ya mama yake.

Twaanza na ile hoja ya najisi, maana ndiyo nyepesi. Chuma kinachotiwa mgonjwa sicho kilichokuwa ndani ya mnyama. Kinachojaribiwa ni aina ya chuma, na kinachotiwa mtu ni kipya, kimesafishwa na kufungwa hata siku ya kutumiwa. Mwenye kusema kuwa ni najisi ni kama asemaye kwamba visu vyote vya sokoni ni najisi kwa kuwa kuna mtu mahali fulani alikata nguruwe kwa kisu. Tena nyonga hii yafanywa kwa madini kama kobalti na kromiamu, au titaniamu, au chuma kisichoshika kutu. Kichwa chake huwa cha chuma au cha namna ya kauri, na kikombe kinachokipokea aghalabu huwa na plastiki ngumu. Vyote hivi asili yake ni tohara.

Na hata lau kingekuwa najisi, Maulamaa wetu hawakutuacha gizani. Waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi wakumbuke mlango wa masharti ya sala. Humo mna mas-ala ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara: huyo ana udhuru, na sala yake ni sahihi. Hukumu hiyo iliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita. Basi ikiwa mwenye mfupa wa najisi kwa dharura amesamehewa, itakuwaje tumzuie mwenye mfupa wa chuma kilicho tohara? La kuangalia ni moja tu. Pengine daktari hutaka kuongeza kipande cha mfupa wa mnyama ili kujaza pengo. Hapo ni haki ya mgonjwa kuuliza ni wa mnyama gani, na kuchagua ulio tohara maadamu wapatikana.

Na liko jambo zito zaidi ya hilo. Sahaba aitwaye Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajifanyia pua ya fedha, ikamwozea na kutoa harufu. Mtume (S.A.W.) akamwamuru ajifanyie ya dhahabu, na hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Khabari hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Tazameni, ndugu zetu! Mtume hakumwambia subiri na kilema chako. Wala hakumlazimisha kubaki na madini yasiyopatana na mwili wake. Madini ya kwanza yaliharibika, akaelekezwa kwenye yasiyoharibika. Na ulizo hilo hilo, kwamba ni kitu gani mwili wa binadamu utakipokea bila ya kuoza, ndilo ambalo matabibu wamekuwa wakilitafutia jawabu kwa zaidi ya miaka 100.

Yafaa tueleze kidogo jinsi walivyolitafuta, ili tusihukumu tusichokijua. Mnamo 1891 tabibu wa Berlin, Themistocles Gluck, alijaribu nyonga ya pembe ya ndovu, pembe ile ile ambayo misafara ya zama hizo ilikuwa ikiishusha kwenye bandari zetu. Mwaka 1923 Smith-Petersen wa Boston alitia kikombe cha kioo, na kioo kikavunjika. Wengine walitia skrubu za vyuma mbalimbali, na vyuma vikala kutu ndani ya nyama za watu. Ndipo matabibu wawili wa Texas, Venable na Stuck, walipotia skrubu za madini namna namna katika mifupa ya mbwa. Mwaka 1937 walitangaza kuwa vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja katika maji ya mwili huzaa nguvu kama ya betri na kuula mfupa, lakini mchanganyiko mmoja wa kobalti na kromiamu hukaa salama. Mwaka uliofuata Smith-Petersen akaanza kuutumia mchanganyiko huo katika nyonga za watu. Hivyo ni kweli kwamba elimu hii ilipita katika miili ya mbwa, na ndugu yetu mdogo wa Kimana hakusema uongo.

Lakini naisikilizwe na khabari ya upande wa pili. Huko Wrightington, Uingereza, daktari John Charnley alianza kiasi cha mwaka 1958 kutia vikombe vya plastiki iitwayo Teflon. Wagonjwa walisimama wakatembea, na watu wakafurahi. Haukupita muda mrefu plastiki ile ikasagika, na unga wake ukaivuruga nyama na kuula mfupa, ikawa lazima nyonga kiasi cha 300 zipasuliwe upya. Charnley akachukua unga wa ile Teflon na unga wa plastiki nyingine, akautia ndani ya paja lake mwenyewe, akangoja miezi akitazama. Teflon ikafanya vinundu, na ile ya pili ikatulia. Plastiki hiyo ya pili aliianza kwa wagonjwa Novemba 1962, na hata leo jamii yake ndiyo itumikayo sana. Sisi hatusemi kuwa kujitia sumu ni halali, lakini twaona hapa mtu aliyefahamu kwamba maumivu ya kujaribu lazima yamfike mtu au kiumbe fulani, akaona haya kuyatupa yote juu ya wengine.

Basi tuingie katika hoja ya kwanza, hoja ya dhuluma. Na hapa twamwambia ndugu yetu mdogo: jambo uliloliogopa ni la kuogopwa, na moyo uliokufanya uulize una uhai ndani yake. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul-An'am kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma kama sisi. Mtume (S.A.W.) alitueleza mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula, na mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ngamia alimlilia kwa njaa na kazi nyingi, naye akamkemea mwenyewe. Alimlaani aliyemtia punda chapa ya moto usoni. Ndege aliyenyang'anywa makinda yake aliamuru arudishiwe. Akamlaani anayemfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kutupia mishale. Dini yenye mafundisho haya haiwezi kusema kwamba mnyama ni kitu tu, mwenye kumpasua ampasue apendavyo.

Hata hivyo Mwenyezi Mungu huyo huyo ametudhalilishia wanyama kwa manufaa yetu. Twawala, twawapanda, twavaa ngozi zao. Aliyehalalishiwa kumchinja kondoo kwa ajili ya mchuzi hawezi kuambiwa kwamba ni haramu kabisa kumtumia kondoo kwa ajili ya kumwinua mgonjwa kitandani. Tofauti iko katika namna. Katika kuchinja tumeamrishwa wema: tunoe kisu, tumpumzishe mnyama, tusirefushe mauti yake. Basi wema huo wadaiwa zaidi katika kujaribu, kwa kuwa aliyechinjwa hufa mara moja, na aliyejaribiwa huishi na jeraha lake miezi.

Tukipima kwa mizani ya fikihi twapata masharti manne. Haja iwe ya kweli, ya kuondoa madhara kwa watu, si ya fahari wala ya kuuza kitu kipya kisichozidi cha zamani. Pasiwe na njia nyingine, maana dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mnyama atiwe nusukaputi wakati wa kupasuliwa, na dawa ya maumivu baadaye, alishwe na atunzwe, na akifika pasipovumilika apumzishwe. Na wachukuliwe wachache kadiri ya haja, wala lisirudiwe lililokwisha kujulikana.

Huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba wenye elimu hiyo wamefika karibu na hapo. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walitoa kitabu chenye kufundisha mambo matatu: kutafuta badala ya mnyama, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu. Mafundisho hayo yameingia katika sheria za nchi nyingi. Siku hizi ziko mashine zinazoizungusha nyonga ya chuma mamilioni ya mara, na kila milioni huhesabiwa kama mwaka mmoja wa mwendo wa mtu, bila ya kuumia kiumbe. Kusagika kwa chuma chenyewe hupimwa hapo. Mnyama hubakiwa na lile ambalo mashine haiwezi, nalo ni jinsi nyama na mfupa ulio hai utakavyokipokea kitu kigeni. Basi atakayempasua kondoo kwa jambo ambalo mashine ingelimjibu, huyo amechezea roho.

Wala kujaribu hakumaliza makosa. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za chuma kwa chuma ziitwazo ASR, baada ya kutiwa watu kiasi cha 93,000 ulimwenguni, kwa kuwa nyingi ziliharibika mapema, na vyuma vikisuguana vilimwaga kobalti na kromiamu katika nyama na damu. Kondoo hutembea kwa miguu minne, na muda wa kumwangalia ni mfupi. Mtu hutembea kwa miwili, na hutaka nyonga yake imdumu miaka ishirini. Twasema haya ili mgonjwa amwulize daktari wake: Nyonga hii ni ya aina gani, na imekaa kwa watu miaka mingapi? Ulizo hilo si utovu wa adabu.

Tena liko la kututia uchungu sisi wa nchi hizi. Mwaka 2014 ilifichuliwa huko Uingereza kwamba watafiti wa chuo kikuu kimoja cha kwao walikuwa wakifanya majaribio juu ya nyani wa porini walionaswa hapa Kenya, katika taasisi iliyoko Nairobi, na hali kwao kumtumia nyani aliyenaswa porini kumezuiwa ila kwa sharti la pekee. Majaribio yale hayakuwa ya nyonga, lakini kanuni ni moja. Lililo ovu London haliwi jema kwa kuvuka bahari. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama nayo inataka idhini kwa majaribio, na haki ya mnyama haipungui kwa sababu nchi yake ni maskini.

Sasa tujibu ulizo lenyewe. Je, mama atiwe chuma hicho? Twasema: naam, na upesi. Kondoo na mbwa waliojaribiwa wamekwisha kupita. Kumwacha mama kitandani hakutamfufua hata mmoja, bali kutaongeza kiumbe wa pili mwenye kuumia bila ya faida. Kama palikuwa na dhuluma, dhambi yake iko juu ya aliyeitenda, na hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu. Na madaktari hupenda mvunjiko wa namna hii upasuliwe ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa mzee anayelala bila ya kugeuka hupata vidonda vya mgongo, maji ya mapafu na damu kuganda. Ninyi mmemlaza wiki nne kwa ajili ya kumhurumia kondoo. Je, yeye hamna wa kumhurumia? Mwenyezi Mungu ametukataza kuwaambia wazazi hata neno la kuguna. Itakuwaje kumsikia akiguna usiku kucha, na fedha za dawa zimefungwa sandukuni?

Na juu ya sala, aliyeshindwa kusimama asali kwa kukaa, na aliyeshindwa kukaa asali kwa ubavu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwambia Imran bin Husayn. Baada ya kupasuliwa, wengi huambiwa na madaktari kwa muda wasichutame, wasikunje mguu kupita pembe mraba, wala wasipishanishe miguu. Basi asali juu ya kiti, na choo chake kiinuliwe. Asione haya, wala mtu asimwambie kuwa sala yake imepungua.

Hiyo ndiyo jawabu tuliyoituma Kimana. Baada ya muda ikaja barua ya pili, na mwandishi wake ni yule ndugu mdogo. Atuarifu kwamba mama alipasuliwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemsindikiza Nairobi na kulala sakafuni karibu naye. Sasa hutembea kwa mkongojo hata mlangoni, na husali juu ya kiti akielekea kibla. Kisha akaandika mstari mmoja: "Sheikh wetu, mama amepona. Na kondoo je, hana haki kwetu?"

Ndugu zetu, ulizo hili ni kubwa kuliko la kwanza, na hatukulijibu kwa haraka. Tulikaa nalo katika darasa letu usiku mzima. Asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, na shukrani kwa kiumbe asiyesema haiwi kwa maneno. Imamu Izzud-Din bin Abdis-Salam, katika kitabu chake cha Qawaid, amezihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu: awalishe hata wakizeeka au wakiugua na kukosa faida, asiwabebeshe wasichokiweza, asiwaweke pamoja na wenye kuwaumiza, wala asiwachinje watoto wao mbele ya macho yao. Haki hizi zimeandikwa na sisi twazisoma, lakini kuzitenda hatuzitendi.

Tazameni lori za mbuzi zishukazo pwani kabla ya Idi Kubwa. Mnyama amesimama juu ya mwenziwe tangu bara, hakunywa, mguu umevunjika, na sisi twampapasa mgongo tukiuliza bei. Kisha kumi hufungwa pamoja, na wa kwanza huchinjwa huku tisa wakitazama, kwa kisu kilichokwisha kukata saba bila ya kunolewa. Twapiga takbiri, na ile amri ya wema tumeiacha nje ya ua. Huyo mbuzi naye alivunjika mguu, na hakuna aliyemtia nusukaputi. Tazameni punda wa mikokoteni mwenye kidonda penye hatamu, hupigwa papo hapo kwenye kidonda. Mjini Lamu, mji wa maulamaa na misikiti, walikuja wageni kutoka Uingereza mwaka 1987 wakafungua mahali pa kuwatibu punda, nasi tuliokuwa na Hadithi ya ngamia aliyelia tulipita njia. Tuone haya kabla ya kuwanyoshea kidole wenye kupasua kondoo kwa dawa ya usingizi.

Kwa hiyo tulimwandikia yule kijana hivi. Wewe ni mwuza kondoo, na deni lako liko mlangoni pako. Wanyweshe kabla ya kuwapakia, usijaze lori kupita kiasi, aliyevunjika usimburute, na unayemchinja umchinje faraghani kwa kisu kikali. Kila siku mama yako anapoinuka kwa ule mguu, wewe mpe maji mmoja wa wale. Katika kila kiumbe chenye ini bichi mna thawabu.

Na sisi wa pwani tutamwandikia nani? Idi yaja, na lori zitashuka. Kila mwenye kununua ana haki ya kumkataa mwuzaji aliyewatesa, na kila mwenye kuchinja ana kisu chake mkononi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atupe huruma kwa wazazi wetu na kwa wasio na ulimi wa kutushtaki duniani, maana Akhera watapewa ulimi. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.